Flagi za mitindo ya maandishi: kijana afundishwe + au |?

Mleta mada, Arusha
Wakuu, heshima kwenu. Kikundi chetu cha madevelopa hapa Arusha kinaandaa mazoezi ya Java, lugha ya kuandikia programu, kwa vijana wanaoanza, na tumegawanyika kuhusu flagi, yaani namba zinazowakilisha mitindo ya maandishi. Wapo wanaotaka kijana aandike Font.BOLD + Font.ITALIC, kwa sababu kujumlisha anakujua tangu darasa la kwanza. Mimi napinga. Afundishwe alama ya | siku hiyo hiyo ya kwanza. Hiyo ni AU ya biti (biti ni tarakimu ya 0 au 1): biti inawaka, yaani inakuwa 1, ikiwa imewaka upande wowote.

Tazameni. Kwenye Font, sehemu ya Java inayoshika mwonekano wa herufi, PLAIN (kawaida) ni 0, BOLD (nzito) ni 1, ITALIC (mlazo) ni 2. Ukijumlisha BOLD na ITALIC unapata 3, na | inakupa 3 vilevile, kwa hiyo darasani mambo yanaonekana shwari. Sasa chukua programu ya kupanga kadi za harusi. Jina la bibi harusi limeshawekwa herufi nzito, halafu sehemu nyingine ya programu inaliongezea BOLD tena. 1 + 1 ni 2. Jina limekuwa la mlazo na uzito umepotea! Ongeza ITALIC juu yake, unapata 4, thamani ambayo Font haiitambui, basi inarudisha maandishi ya kawaida kimya kimya. Hakuna kosa linaloripotiwa, na kijana anakesha akitafuta. Kwa |, BOLD na BOLD inabaki 1, hata uirudie mara mia.

Mchangiaji, Usa River
Mkuu, unawatisha watoto. Mimi nafundisha watu wanaoshika kompyuta kwa mara ya kwanza. Nikianza na biti, nusu ya darasa nimeipoteza. Waache wajumlishe 1 na 2, hapo hakuna madhara. Biti watazikuta mbele.

Mleta mada
Mwalimu, hilo la kutowapoteza wanafunzi nalielewa. Ila mazoea yana tabu. Aliyezoea + ataondoa mtindo kwa kutoa: maandishi ya mlazo peke yake, 2, akitoa BOLD anabaki na 1, yaani yamegeuka mazito wakati uzito haukuwepo. Njia salama ni mtindo & ~Font.BOLD, yaani zima biti ya BOLD tu, nyingine ziache. Uzito ukiwepo unatoka, usipokuwepo hakuna kinachoguswa. Na msiwape ^, inayogeuza biti, kwa kazi hiyo, kwa sababu ikikuta biti imezimwa inaiwasha.

Kupima kama uzito upo nako ni (mtindo & Font.BOLD) != 0, pamoja na mabano yake. Ukiandika mtindo == Font.BOLD, maandishi mazito yenye mlazo, 3, yatakuambia si mazito.

Mchangiaji, Moshi
Nyote mmekomalia namba. Java ina EnumSet, seti ya majina ya enum (orodha maalumu ya majina unayoibuni), tangu toleo la 5, mwaka 2004. Unaweka majina kwenye seti, na lililomo halirudiwi. Ndani yake, seti ya enum yenye hadi majina 64 inatunzwa kwenye biti za long moja (namba ya biti 64), kwa hiyo kasi isiwe kisingizio.

Mleta mada
Ndugu wa Moshi, kwa flagi tunazobuni wenyewe nakuunga mkono kabisa, na nitaitia kwenye mazoezi. Lakini Font inataka int, yaani namba nzima. Lazima mtu aigeuze seti kuwa namba, na ndani ya kitanzi cha kuigeuza, kinachopitia jina moja moja, ndipo nataka aandike |= (kuongeza kwa |) na si += (kuongeza kwa +).

Mwalimu, nakuomba ujaribu hivi: andika ubaoni 01 (BOLD kwa biti), chini yake 10 (ITALIC), chini kabisa 11 (zote mbili). Halafu uandike 01 mara mbili, uwaulize jibu liwe nini.