Mwanangu kamwambia bibi yake ulimwengu ulilipuka wenyewe, nyumba haikaliki. Naombeni ushauri

Mama Kelvin
Habari zenu wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Nina mtoto wa kiume, darasa la sita, maswali ndiyo chakula chake. Siku hizi kapata video za anga kwenye simu ya mjomba wake. Jumapili tumetoka misa, tuko mezani, bibi yake (mama mkwe wangu, tunaishi naye) akamwambia amshukuru Mungu aliyeumba mbingu na nchi. Mtoto akajibu, "Bibi, hakuna aliyeumba, ulimwengu ulilipuka wenyewe miaka bilioni 13 iliyopita." Mama mkwe akaacha kula. Sasa anasema nalea mpagani, simu ichukuliwe na mtoto apelekwe akaombewe. Baba yake yuko safarini, nikimpigia anasema "malizaneni."

Mimi niliishia kidato cha nne na fizikia niliikimbia. Sitaki mtoto aache kuuliza, na sitaki amwone bibi yake mjinga. Nimwambie nini? Na hilo la mlipuko lina ukweli wowote? Kejeli pelekeni nyuzi nyingine.

Mzee wa Kijiweni
Mwanzo 1:1. Uzi ufungwe.

fundi_redio
Mzee, mama kaomba ushauri. Na mtoto aombewe kwa lipi, anaumwa?

Ticha Moro
Mama Kelvin, mimi ni mwalimu wa fizikia, nitaandika kirefu kidogo.

Nadharia hiyo, inayoitwa Mlipuko Mkuu (Big Bang), haisemi "hakuna aliyeumba." Hilo kaliongeza kijana, au aliyetengeneza video. Inachosema ni kwamba ulimwengu wote tunaouona, kama miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa umebanana na una joto lisilosemeka, kisha ukatanuka na kupoa. Hadi leo unatanuka. Wala si bomu lililopasuka mahali fulani vipande vikaruka. Chukua donge la unga wa maandazi lenye chembe za iliki: likiumuka, kila chembe inaachana na mwenzake, na hakuna chembe inayoweza kudai kwamba yenyewe ndiyo katikati.

Tumejuaje? Mwaka 1929 Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson kule California, alionyesha kwamba galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, zinatukimbia, na iliyo mbali zaidi inakimbia kwa kasi zaidi. Rudisha mwendo huo nyuma, uone vitu vinakusanyika.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa 1964. Arno Penzias na Robert Wilson, pale Holmdel, New Jersey, walikuwa na antena kubwa yenye mlio usiokoma, popote walipoielekeza, usiku na mchana. Wakakuta njiwa wamejenga ndani, wakawatoa, wakasugua mavi yao. Mlio ukabaki. Kumbe lilikuwa joto lililobaki tangu ulimwengu ukiwa mchanga, sasa limepoa hadi nyuzi 2.7 hivi juu ya sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa. Kipimo chake ni kelvini, mpe kijana salamu. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa la kumwambia mama mkwe: mtu aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianzia kwenye kitu kidogo kilichosongamana alikuwa padre Mkatoliki. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipata upadre 1923. Mwaka 1927, kabla ya Hubble, alishaandika kwamba ulimwengu unatanuka, na Einstein mwenyewe mwanzoni alimkatalia. Wazo la "atomu ya mwanzo" alilitoa 1931.

fundi_redio
Ticha umenikumbusha zile TV za zamani kabla ya ving'amuzi. Stesheni ikizimwa zinabaki chenga tupu. Sehemu ndogo ya zile chenga ilikuwa inatokana na huo huo mlio wa akina Penzias. Mama, ukipata TV ya aina hiyo kwa fundi yeyote mtaani, mwashie kijana aone.

Abu Swafiya
Assalamu alaykum. Mimi ni Muislamu, lakini na kwetu mjadala huu upo. Wengi watakutajia Suratul Anbiyaa aya ya 30, kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, halafu waseme sayansi imeigundua juzi tu. Mimi sikubaliani nao. Wapo wafasiri wa kale walioielewa kuwa mbingu ilikuwa imefunga mvua na ardhi imefunga mimea, mpaka Mwenyezi Mungu akazifungua. Ukiifunga aya kamba moja na nadharia, siku nadharia ikirekebishwa utamwambia nini mtoto? Usimpe imani ya namna hiyo, dada yangu. Mwache ajue Mola kaumba, na namna alivyoumba ajifunze kwa kuchunguza.

Ticha Moro
Abu Swafiya, umesema aliyoyasema Lemaître. Mwaka 1951 Papa Pius XII alitoa hotuba akiona sayansi hiyo inaunga mkono uumbaji. Lemaître hakufurahi kabisa. Kwake nadharia ilisimama kwa hesabu na vipimo, na imani yake haikuhitaji magongo hayo.

Msonge Damu
Salamu kutoka Bungoma. Sisi Wabukusu wazee walituambia Wele, yaani Mungu, alianza na mbingu, akaiwekea nguzo pande zote jinsi paa la nyumba ya msonge linavyoshikiliwa. Jua, mwezi na vyote vingine vikafuata. Hakuna mtu ameshawahi kuuliza hizo nguzo ziko kaunti gani. Tulielewa tunaambiwa kwamba huu ulimwengu ni nyumba na una mwenyewe. Mama, mwambie huyo kijana akae na shosho amuulize watu wa kwao walisimulia aje. Akienda kama mtu anayetafuta habari, nyanya atalainika.

Mama Kelvin
Ahsanteni jamani. Padre! Hiyo naanza nayo leo leo. Lakini jana usiku kaniuliza, "Mama, kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Nikamwambia alale.

Ticha Moro
Mwambie wazi kwamba hapo wanasayansi hawajui. Hesabu zinarudi nyuma hadi kipande kidogo mno cha sekunde ya kwanza, halafu zinagoma, kwa sababu nadharia ya mvutano ya Einstein na ile ya vitu vidogo kuliko atomu bado hazijapatana. Wapo wanaoona muda wenyewe ulianzia hapo, kwa hiyo "kabla" haipo. Mtakatifu Augustino aliwaza hivyo hivyo yapata mwaka 400: muda nao uliumbwa. Hilo nalo mpelekee mama mkwe.

Simu usimnyang'anye, atatazama kwa rafiki. Kaa naye, na kila video ikisema jambo muulize, "Wamejuaje?" Akishindwa kujibu, hiyo video muiache. Na kwa bibi akaombe radhi, maana pale mezani alimkata mzazi kauli. Hilo halihusiani na fizikia.

Mzee wa Kijiweni
Huyo padre wenu Kanisa lilimtenga lini?

Ticha Moro
Halikumtenga. Kuanzia 1960 hadi anafariki 1966 alikuwa rais wa Akademia ya Sayansi ya Kipapa, Vatikani.