SHA: mama mboga asiyelipa mwaka mzima atatibiwa wapi?

Swali: Wadau, mama mboga amejisajili SHA (mamlaka ya bima ya afya ya Kenya) kwa *147#, lakini anadaiwa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Enzi za NHIF, bima ya zamani, alilipa shilingi 500 kwa mwezi. Akiugua leo, atatibiwa?

Jibu: Atatibiwa, ila aanzie zahanati au kituo cha afya, yaani level 2 na 3. Huko gharama hubebwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi, usajili unatosha. Kulazwa hospitali za level 4 kwenda juu ni SHIF, yaani mfuko wa SHA unaochangiwa na wanachama, na bila mchango haifunguki. Hapo ndipo mnyonge anaumia: mwajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara kila mwezi, mwenye kibanda anatafuta 3,600 kwa mkupuo, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa.

Jibu: Arudie kuangalia tathmini ya mapato, ambayo SHA huitumia kumpangia mchango. Wanauliza paa, ukuta, choo. Akijibu harakaharaka anapangiwa kiwango kisicho chake. Watoto nao awaongeze mapema, vyeti vya kuzaliwa mkononi.

Jibu: Pia aulize kwanza kama kituo kina mkataba na SHA. Na kituo kikicheleweshewa malipo, dawa huisha, anaandikiwa akanunue duka la dawa.