Wanafunzi wa meno na "meno ya plastiki", Newala

Swali: Wanafunzi wakienda zahanati za vijijini, mama akitaja meno ya plastiki (imani kwamba uvimbe ufizini mwa mtoto mchanga ndio unaoleta homa na kuharisha, hivyo ung'olewe) wanamkaripia. Tuwafunze vipi?

Jibu: Kwanza shikamoo kwa bibi, naye aingie chumbani; mara nyingi ndiye mwenye kauli. Waulize homa au kuharisha kulianza lini. Ndipo waonyeshe uvimbe ufizini: ni jino changa la chonge ambalo halijatoka. Kuling'oa huleta damu nyingi, maambukizi, hata kuharibu jino la ukubwani. Anayeharisha apewe ORS (maji ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), na zinki siku 10 hadi 14. Ukikaripia, watakwenda kwa mng'oaji usiku.

Jibu: Naunga mkono. Igizeni darasani: mama, bibi, tabibu. "Umeelewa?" ni swali bure, kila mtu hujibu ndiyo; badala yake mama aeleze atakachomwambia mumewe. Na wazee wa Kimakonde wenye meno yaliyochongwa kimila, msiandike "yamevunjika"!