Naombeni ushauri: mwalimu mzuri wa kuchora kwa mtoto wa miaka 8 nimtambueje? (Dodoma)

MamaBinti_Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Nina binti yupo darasa la tatu, huyu tangu ameanza kushika penseli kazi yake ni kuchora tu, ukuta wa sebuleni una mbuzi wake wa mkaa mpaka leo na sijaufuta. Mwaka jana nikampeleka kwa mwalimu mmoja wa sanaa hapa mjini, kumbe kule mwalimu anachora ua ubaoni watoto wote wanakopi lile lile, ukikosea anachukua penseli anakurekebishia juu ya karatasi yako. Siku moja mtoto karudi na mbuyu kaupaka zambarau, umepigwa kosa kubwa la wino mwekundu pembeni imeandikwa "mti ni kijani". Roho iliniuma jamani. Mbuyu wenyewe kiangazi hiki hauna hata jani moja, na jua likizama shina lake linakuwa zambarau kweli, wa Dodoma mnajua.

Tangu hapo nikimpa karatasi ananiambia "mama nichoree wewe, mi sijui".

Nimepata wawili. Kijana mmoja fundi haswa, sura ya mtu anaitoa kama picha ya simu, elfu kumi kwa kipindi. Mwingine ni mama mstaafu, yeye kuchora kwake kwa kawaida tu ila watoto wanafinyanga udongo uani kwake, wanapaka rangi kwenye maboksi, elfu tatu. Baba yake anasema tuchukue fundi. Mnanishaurije?

Mwl_wa_Krayoni
Pole sana dada. Nafundisha watoto na hicho ulichoeleza nakiona kila mwaka. Mtoto wa miaka mitatu minne anachora mtu kichwa kikubwa, miguu inaanzia kidevuni, hapo hajakosea, ndio anavyoelewa mtu. Akifika mitano sita anaweka mstari wa ardhi chini, mbingu inakuwa utepe juu. Sasa kuanzia nane mpaka kumi anaanza kulinganisha alichochora na kitu chenyewe, akiona havifanani anakata tamaa, wengi wanaachia penseli hapo na hawarudi tena mpaka uzee. Binti yako yupo mlangoni kabisa, na mlangoni ndio kapigwa kosa.

Ukienda kwa mwalimu yeyote angalia ukutani kwanza. Kama picha za watoto ishirini zinafanana, ondoka. Halafu angalia mkono wake, akitaka kumuonyesha mtoto kitu achukue karatasi yake mwenyewe, asiguse ya mtoto.

Brashi_na_Hardibodi
Mi napingana kidogo na mwalimu hapo juu. Tusidharau ufundi. Mtoto wa miaka nane anataka kujua kwanini miguu ya ng'ombe wake haikai sawa, ukimwambia "nzuri sana" kwa kila kitu umemtelekeza, na watoto wanajua ukiwadanganya. Na kukopi sio dhambi, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar miaka ya 1960 mwishoni bila shule ya sanaa, waliokaa naye walijifunza kwa kufuata mkono wake, alipofariki 1972 hao hao ndio wakaiendeleza staili yake, ya Tingatinga, mpaka leo dunia nzima inaijua.

Mwl_wa_Krayoni
Mkuu nakubali kwenye "nzuri sana", hiyo sifa haina msaada. Lakini wale waliomfuata walikuwa watu wazima wanatafuta riziki. Huyu ana miaka nane, aulizwe kwanza ameona nini.

Baba_wa_Wawili_Ilazo
Yeyote utakayemchagua kaa kipindi cha kwanza chote, mafunzo yafanyike uani au mlango wazi, na jua watoto wako wangapi.

Mrangi_Original
Dada likizo wapelekeni Kolo, ukishapita Kondoa barabara ya Babati. Michoro ya miambani ile iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006. Kuna watu warefu wembamba kama vijiti, wanyama wekundu. Mwanangu alisimama kwenye twiga mmoja tukashindwa kumtoa. Twiga mwekundu, na hakuna aliyempiga kosa.

MamaBinti_Nkuhungu
Wakuu asanteni mno. Jumamosi nimeenda kwa wote wawili na mtoto, nikabeba ule mbuyu. Kijana ni muungwana kweli, kaniambia wazi hajawahi kufundisha chini ya miaka kumi na mbili, akasema nimrudishe akikua, na nitamrudisha.

Yule mama kaishika karatasi muda mrefu, hakusema nzuri wala mbaya. Akamuuliza binti, "hapa ilikuwa saa ngapi?" Mtoto akasema jioni, mbuzi wanarudi. "Mbona mbuzi siwaoni?" Akanyamaza, halafu akasema sikumaliza. Mama kampa kipande cha mkaa. Kachora mbuzi wawili, wa tatu akamgomea miguu, akataka kulia, yule mama akachukua karatasi yake akakaa chini kwenye mkeka, wakawa wanamuangalia mbuzi wa jirani pamoja, goti lake linakunja kwenda wapi. Nimekaa pale saa nzima na nusu sikusikia "mi sijui" hata mara moja.

Baba yake nimemsimulia, kakubali. Tunaanza Jumamosi ijayo, nimeambiwa nimpe nguo ya kuchafua.