Tumeshalazimishwa kununua ethanoli, sasa nafuu ya kodi kwa viwanda ni ya nini tena?

Wakuu, habari za kazi. Nianze kwa kusema sina ugomvi na mkulima wa mahindi. Naishi Iowa, kazi yangu ni kukata majani kwenye viwanja vya watu, na wateja wangu wengi wana ndugu zao mashambani. Ugomvi wangu ni na Bunge la Marekani, ambalo kila likikaa kuzungumzia ethanoli, ile pombe ya mahindi inayochanganywa kwenye petroli, linatoka na njia mpya ya kutukamua.

Tupitie sheria zenyewe, maana wengi tunalipa bila kujua tunalipia nini. Mwaka 1978 petroli iliyochanganywa na ethanoli ilisamehewa senti 4 za ushuru kwa galoni. Sawa, viwanda vilikuwa vichanga, vibebwe kidogo. Ikafika 2004, mtoto ana ndevu na bado yuko mgongoni: nafuu ya kodi ya senti 51 kwa kila galoni ya ethanoli inayochanganywa, na bandarini ushuru wa senti 54 kwa galoni ili ethanoli ya Brazili isisogee. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kulazimisha. Kampuni za mafuta zichanganye, zitake zisitake. Mwaka 2007 kiwango kikapandishwa hadi galoni bilioni 36 za mafuta mbadala kwa mwaka ifikapo 2022, na ndani yake bilioni 15 ni nafasi ya ethanoli ya mahindi.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mtu ameshalazimishwa kisheria kuchanganya, wewe unamlipa ili achanganye. Unamlipia nini? Mwaka 2011, nafuu ikiwa imeshashushwa hadi senti 45, Hazina ilikuwa inaachia karibu dola bilioni 6 kwa mwaka. Hata GAO, wakaguzi wa Bunge hilohilo, waliandika kwamba nafuu ile inarudia kazi ambayo sheria ya kulazimisha inaifanya tayari. Ikaachwa ife tarehe 31 Desemba 2011 pamoja na ule ushuru wa bandarini. Je, viwanda vilikufa? Wapi! Uzalishaji ulishuka 2012 mwaka wa ukame, na kufikia 2014 ulikuwa umevuka galoni bilioni 14, juu kuliko enzi za nafuu. Maana yake zile pesa zilikuwa zawadi.

Ungedhani somo limeeleweka. Agosti 2022, enzi za Biden, ikapitishwa nafuu mpya kwa watengenezaji wa mafuta safi, kuanzia 2025, hadi dola 1 kwa galoni kutegemea hewa ukaa inayotoka. Angalau hiyo, nikasema, mtu analipwa kwa kupunguza uchafu. Julai 2025 Trump akatia saini sheria iliyoisogeza hadi mwisho wa 2029, na humohumo wakafuta kwenye hesabu uchafu unaotokana na misitu na nyika zinazofyekwa kwingine ili kufidia mahindi yaliyoingia kiwandani. Uchafu haujaenda popote, umefutwa kwenye karatasi tu, na malipo yanapanda. Vyama hivi viwili, cha Biden na cha Trump, havikubaliani hata juu ya saa ngapi, lakini hapa wanapokezana kijiti vizuri kabisa.

Na hiyo ethanoli ya mabua na nyasi waliyotuahidi 2007? Lengo lilikuwa galoni bilioni 16 ifikapo 2022, na mwaka uliofuata wakaitengea nafuu yake peke yake ya dola 1.01 kwa galoni. Kampuni za mafuta zikawa zinadaiwa mafuta ambayo hakuna aliyekuwa anayatengeneza, mpaka mahakama ya rufaa ikaingilia Januari 2013. Kampuni ya kemikali ya DuPont walifungua kiwanda kikubwa cha mabua hapahapa Iowa, mji wa Nevada, mwaka 2015. Mwaka 2017 wakakifunga.

Sasa njooni kwenye pampu. Mwaka 2022 jimbo letu lilipitisha sheria ya kutaka vituo vingi viuze E15 kufikia 2026. Hiyo ni petroli yenye ethanoli hadi asilimia 15. Kwenye pampu yake kuna kibandiko cha rangi ya chungwa na bluu, ukubwa wa kiganja, kinachosema ni ya magari ya 2001 na kuendelea, na kwamba kuitia kwenye boti au mashine za petroli ni marufuku kwa sheria ya shirikisho. Yaani sheria moja inamtaka mwenye kituo auze, na sheria nyingine inanikataza mimi kuitia kwenye mashine inayonipa ugali. Na ndiyo imewekwa bei ya chini.

Kijana ninayefanya naye kazi alifuata bei, akajaza dumu. Mashine ya mkono ya kufyekea ikaanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika. Fundi alipofungua kabureta akanionyesha kiwambo cha mpira kimevimba na kukunjamana kama ngozi iliyolowa. Dhamana haihusiki, kitabu cha mashine kinasema mwisho asilimia 10. Nani ananifidia? Hakuna nafuu ya kodi ya wakata majani.

Najua kuna atakayesema E15 ni ya bei rahisi. Galoni ya ethanoli ina nguvu pungufu kwa karibu theluthi kuliko ya petroli, kwa hiyo E15 inakupunguzia mwendo kwa asilimia 4 hadi 5 ukilinganisha na petroli isiyo na ethanoli kabisa. Piga hesabu kwa maili, achana na namba iliyoandikwa ubaoni.

Na msiniletee ile habari kwamba mwanasiasa akigusa ethanoli Iowa amekwisha. Mwaka 2016 Ted Cruz, seneta wa Texas aliyekuwa anautafuta urais, alikuja hapa akaipinga sheria ya kulazimisha waziwazi, na akashinda kura za awali za chama cha Republican. Wanajificha nyuma ya mkulima tu.

Ninachotaka ni kitu kimoja: wachague. Wakibaki na sheria ya kulazimisha, nafuu ya kodi iondoke. Wakitaka kulipa, basi mtu awe huru kununua au kuacha.

Walioko Nebraska, Illinois na Minnesota, petroli isiyo na ethanoli kabisa mnaipata vituo vya aina gani, na mnaongeza kiasi gani kwa galoni? Huku kwetu naanza kuitafuta kwa tochi.