Kamati ya klabu yetu ya mbio imebadilisha hesabu ya pointi msimu ukiwa ukingoni. Huu ni uhuni!

Wakuu, heshima zenu. Maadmini, naomba uzi huu usifutwe wala usihamishiwe kule kwenye porojo. Kwenye grupu letu la WhatsApp tumeshafungwa midomo: tangu watu waanze kuuliza maswali, kamati imeweka kwamba wanaoweza kuandika ni viongozi tu. Sisi wengine tunasoma matangazo na kumeza.

Jina la klabu silitaji. Tuko Kampala, mazoezi yetu ni upande wa Kololo na Lugogo, walio ndani wameshajua.

Kila mwaka tuna shindano la pointi la msimu mzima. Mbio kumi, kuanzia Februari hadi Novemba. Nyingine tunaandaa wenyewe, nyingine tunajiunga na mbio kubwa za watu na kuhesabu nafasi zetu ndani yake. Kila kundi la umri lina msimamo wake. Wa kwanza kwenye kundi anapata pointi 30, wa pili 29, hivyo hivyo kushuka. Anayeongoza mwisho wa msimu anapewa kikombe na analipiwa mbio moja nje ya nchi, nauli na malazi ndani. Kwa hiyo msije kuniambia ni mambo ya kujifurahisha tu. Kuna pesa hapa, na ni pesa ya ada zetu.

Januari tulipewa karatasi ya kanuni. Imeandikwa wazi: zitahesabiwa mbio sita bora kati ya kumi. Ukikosa nne, hakuna neno. Watu walilipa ada kwa kuitegemea karatasi hiyo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na Jumapili za kwangu ni za kuokoteza. Nilikaa na ratiba ya zamu na ratiba ya klabu mezani, nikachagua mbio zangu, nikabembeleza wenzangu tubadilishane usiku kwa mchana, nikapanga mwaka mzima. Na niseme mapema kabla hamjaniuliza: ndiyo, nilikuwa naongoza kundi langu.

Septemba likaja tangazo, mistari minne tu: "Ili kuwatambua wanachama wenye moyo wa kujituma, mbio zote kumi zitahesabiwa."

Septemba! Mbio saba zimeshakimbiwa! Waliokosa Machi watairudia Machi wapi?

Fanyeni hesabu wenyewe. Mtu ameshinda mbio sita, zote wa kwanza, ana pointi 180. Mwenzake hajawahi kuingia hata kumi bora, amemaliza wa kumi na mbili kila mara, lakini hakukosa hata moja. Wa kumi na mbili anapata 19. Mara kumi ni 190. Bingwa wenu huyo hapo, hajawahi kumtangulia mwenzake hata siku moja. Simbezi mtu wa kumi na mbili, kuamka kila Jumapili nako ni kazi. Mpeni zawadi ya mahudhurio, nitampigia makofi. Ila mlituambia tunashindana mbio.

Mwenyekiti wetu anapenda sana magari ya mashindano, na alipobanwa akasema eti hata Formula 1 wanahesabu mbio zote. Mzee, kwa heshima zote, umechagua mfano mbaya. Mwaka 1988 Ayrton Senna na Alain Prost walikuwa timu moja. Zilikuwa mbio 16, na kanuni ilisema zinahesabiwa 11 bora. Ukijumlisha zote Prost alikuwa na 105 na Senna 94. Kwa 11 bora Senna alikuwa na 90, Prost 87. Ubingwa ukaenda kwa Senna. Unaweza kuipenda kanuni ile au kuichukia, na kweli baada ya msimu wa 1990 waliiacha. Lakini waliiacha msimu umeisha, wakaanza mwingine na hesabu mpya. Hakuna aliyeinuka mwezi wa tisa mwaka 1988 akasema jamani, Prost anajituma sana, tumhesabie zote.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Nani amenufaika na mabadiliko haya? Angalieni msimamo mpya. Makundi matatu yamebadilika uongozi, na wanaoongoza sasa wawili ni wanakamati, wa tatu ni rafiki wa karibu wa mweka hazina. Inaweza kuwa bahati. Na mimi naweza kuwa bingwa wa Olimpiki.

Tena si hilo tu. Mwezi Juni, bila karatasi yoyote, ilitangazwa kwamba mbio za mbali zina pointi mara mbili. Zikatajwa zile za Rwenzori kule Kasese. Mbio zenyewe sina ugomvi nazo, tangu zianze 2022 zimeleta watu wengi magharibi na mandhari yake si ya mchezo. Lakini Kasese si Ntinda, mtaa wa hapa hapa Kampala. Ni basi la kutwa nzima kwenda, kulala, kula, kukimbia, basi la kutwa nzima kurudi, na Jumatatu kazini. Mwenye gari na likizo anarudi na pointi 60 kwa asubuhi moja. Dereva wa boda ambaye tunakimbia naye kila Jumanne, kijana mwenye mapafu kuliko kamati nzima ikijumlishwa, hakwenda. Siku mbili asipopanda pikipiki, mwenye pikipiki anataka hesabu yake vilevile. Hilo shindano lilipima nini, miguu au pochi?

Halafu fulana. Nilipoisikia hii nilidhani ni utani. Pointi tano za ziada kwa kila mbio utakayokimbia ukiwa na fulana mpya ya klabu! Fulana ya zamani haihesabiki, rangi yake "imepitwa na wakati". Ile mpya inauzwa na mtu mmoja tu, na mnaweza kubahatisha ni ndugu wa nani. Tano mara kumi ni hamsini. Pointi hamsini kwa kuvaa nguo! Wa tano anampita wa kwanza kwa sababu ya kitambaa.

Sasa niwape picha ya jinsi matokeo yanavyochukuliwa kwenye mbio tunazoandaa wenyewe, maana wengine mtadhani kuna mitambo. Mwezi Julai, kilomita kumi, tunamalizia getini. Aliyepewa kazi ya kuandika alikuwa na daftari la shule la kurasa 48 kwenye mkono mmoja, mkono mwingine rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mafuta yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Anaandika majina kadiri watu wanavyoingia. Simu ikaita. Akapokea. Watu kama wanane wakaingia wakati anamweleza mtu wa simuni atumie njia ya Jinja Road. Alipomaliza akauliza kwa sauti, "Nani ameingia kabla ya nani?" Tukaanza kubishana tukiwa bado tunahema. Ukurasa huo nimeuona baadaye: majina mawili yamepakwa rangi nyeupe ya kufutia, juu yake yameandikwa mengine, na mwandiko si uleule. Na mshale mmoja umemtoa mtu wa saba ukampeleka wa nne.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kata maboksi, andika namba 1 hadi 100, kila anayevuka mstari anapewa kibao chake. Mmoja anagawa vibao, mwingine anabonyeza saa, wa tatu anaandika jina la mwenye kibao pembeni, bila haraka. Watatu hao hawakimbii siku hiyo, na wapewe pointi zao za kujitolea, ila ziandikwe kwenye kanuni tangu Januari. Nimelipendekeza hili kwa katibu. Akanijibu kwa kidole gumba cha WhatsApp.

Kwenye mbio kubwa nako ni vituko vingine. Kuna muda wa bunduki, unaohesabiwa tangu mlio wa kuanza, na muda wa chipu, unaohesabiwa tangu wewe mwenyewe uvuke mkeka wa kuanzia. Sheria za riadha zinapanga nafasi kwa bunduki, sawa, hilo ni kwa wale walio mstari wa mbele. Sisi raia tunaanzia nyuma kwenye umati wa maelfu, mpaka uufikie mkeka wa kuanzia dakika kadhaa zimeshakwenda. Klabu zenye akili zinachagua moja na kubaki nayo. Yetu, Machi ilitumia bunduki, Mei ikatumia chipu, na mbio ya Agosti, walahi, baadhi ya watu wamewekewa bunduki na wengine chipu katika orodha moja! Nilipouliza nikaambiwa "ilitegemea nani alituma nini".

Na kweli watu wanatuma. Kuna wenye picha za saa zao za GPS, na kamati inazipokea kama hati ya mahakama. Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Njia inayopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli, kwa kufuata mstari mfupi kabisa wa kona, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa pungufu. Wewe kwenye umati unakata kona kwa nje, unazunguka watu, kwa hiyo saa yako kwa kawaida itasoma zaidi kidogo. Sasa mtu analeta saa inasema kilomita 20.6, amechelewa kuiwasha, na anapewa muda wa saa badala ya muda wa waandaaji. Kwa nini? Kwa sababu ni yeye.

Nije kwenye wazo jipya linalozunguka chinichini, kwamba mwakani pointi zitolewe kwa asilimia ya muda wa mshindi. Wa kwanza anapata 100, wengine kadiri walivyomkaribia. Kwenye karatasi linapendeza. Lakini tupo Uganda, jamani. Kuna Jumapili anatokea kijana mgeni kutoka Kapchorwa, kule milimani wanakotoka wakimbiaji wetu wakubwa, amekuja Kampala kumsalimia shangazi, anaomba kukimbia na sisi. Anamaliza kumi kwa dakika thelathini huku anasalimia watu njiani. Siku hiyo klabu nzima inashuka kwenye hamsini. Wiki inayofuata hayupo, na yule aliyekosa mbio ya mgeni anaonekana shujaa. Na muda wenyewe haulinganishiki njia kwa njia. Kumi ya Entebbe barabara imelala si kumi ya kupanda Kololo, kushuka, kupanda Nakasero, kushuka, halafu Naguru inakusubiri. Nafasi ndani ya mbio moja ndiyo inayolinganishika. Mgeni akimbie, apewe maji na makofi, asihesabiwe.

Nchi iliyomtoa Joshua Cheptegei, aliyekimbia mita 10,000 kwa 26:11 mwaka 2020, kisha akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Paris 2024, inashindwa kuhesabu pointi za watu wazima tunaokimbia umbali huohuo kwa saa nzima?

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu, nawajibu kwa mkupuo.

Aliyesema "anzisha klabu yako": kaka, nimelipa ada hapa. Bomba la nyumba likivuja, mpangaji haambiwi akajenge nyumba yake.

Aliyesema nina uchungu wa kupoteza: nina uchungu, sijakataa. Ila yule mzee wa kundi la miaka 60 na zaidi, ambaye Septemba ilimtoa wa kwanza ikampeleka wa tatu, hana simu ya kuandika humu. Yeye alikosa mbio tatu akiuguza mke. Mwambieni naye ana wivu.

Aliyeuliza kama kanuni inaruhusu kamati kubadilisha: karatasi ya Januari ina kifungu kinachosema kamati "inaweza kufafanua kanuni hizi pale penye utata". Sita kati ya kumi ina utata gani?

Na wewe mwanakamati uliyejificha kwa jina la bandia, tumekujua kwa namna unavyoandika "wapendwa wanamichezo". Njoo na jina lako, ssebo.

Ninachotaka ni hiki. Mbio sita bora zirudishwe kwa msimu huu kama tulivyokubaliana. Pointi za fulana zifutwe zote, na za Kasese zihesabiwe mara moja kama mbio nyingine. Daftari la Julai lipigwe picha, kurasa zote, liwekwe kwenye grupu kila mtu aone mwandiko. Kila mbio kubwa itumie muda wa chipu wa waandaaji, na saa za watu zibaki mikononi mwao. Mkitaka kanuni nyingine mwakani, ileteni kwenye mkutano wa Desemba tupige kura.

Mbio ya mwisho ni Kampala Marathon, Novemba. Msimamo wa zamani ninao, mbio kwa mbio, nimemtumia katibu na nakala ninazo. Nataka jibu la maandishi kabla orodha ya klabu ya Novemba haijafungwa. Kama halipo, nirudishiwe ada yangu, na ile ya fulana mnayonidai sahauni.