Mabepari wa Venisi ni komedi kweli, au tunadanganyana?

Kibatari: Wakuu habari za jioni. Nimerudia Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 ya mchezo wa Shakespeare The Merchant of Venice, na bado siwaelewi wanaoiita komedi. Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, binti yake katoroka na mahela na vito, kesi kashindwa, mali imeondoka, mwisho analazimishwa kubadili dini, halafu mimi nicheke? Hiyo ni tanzia imevalishwa nguo za harusi. Mnaobisha karibuni.

Bi Mwenda: Unapima kwa rula ya leo kaka. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza komedi si lazima ikuvunje mbavu, ni mchezo unaoanza na balaa ukaishia kwenye ndoa. Mle ndoa ziko tatu na hakuna aliyekufa. Na watazamaji walishamzoea Barabas, Myahudi wa kwenye The Jew of Malta ya mwandishi mwenzake Marlowe, yule anayeishia kutumbukia kwenye chungu kinachochemka, kwa hiyo Shylock kuaibishwa tu kwao ilikuwa afadhali.

Kibatari: Afadhali kwa nani sasa 😂

Mzee wa Jukwaa: Nyie mnagombania lebo ambazo wenyewe walikuwa wanabandika wanavyotaka. Toleo la 1600 jalada lake linaiita "historia". Richard III, mchezo wake mwingine, ilivyochapwa 1597 iliitwa tanzia. Inakuja kufika 1623, Shakespeare ana miaka saba kaburini, waigizaji wenzake Heminges na Condell wanakusanya michezo 36 wanaigawa mafungu matatu, komedi, historia, tanzia, ndo Richard akahamia historia na Shylock wako akaangukia komedi. Kwa hiyo anayekukera ni aliyepanga kitabu.

Bi Mwenda: Hapo kwenye "historia" umeteleza mzee, neno hilo kipindi kile lilikuwa na maana ya hadithi tu. Mafungu yalikuwepo hata kabla ya 1623, walisoma tanzia za Seneca na komedi za Plautus, wale Warumi wa kale, shuleni hao.

Mzee wa Jukwaa: Walisoma sawa, ila aliyelipa peni moja akasimama juani pale Globe, ukumbi wa maigizo wa London, hakumjua Seneca, alitaka damu, mzimu na mchekeshaji humohumo. Niambie basi ule mchezo Arden of Faversham wa 1592 unakaa fungu gani? Mke na hawara wanamuua mume, kisa cha kweli cha 1551, hakuna mfalme wala mtoto wa mfalme. Tanzia ya Seneca gani inahusu mambo ya sebuleni?

Bi Mwenda: Tanzia ya nyumbani, ina jina lake hiyo.

Mzee wa Jukwaa: Jina wamelipa wasomi baadaye 😅

Kibatari: Mnanipoteza. Jina la mchezo kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja, Antonio, yule anayedaiwa na Shylock. Mwalimu kaandika MABEPARI, wingi, tena miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ina maana Antonio na Shylock kawaweka kapu moja. Sasa ukisoma hivyo, nani wa kumshangilia pale mahakamani?

Bi Mwenda: Portia, yule dada aliyejifanya wakili akamshinda Shylock.

Kibatari: Portia naye kaishi kwa urithi wa baba dada 😂